Mvua Keswick: penseli, mawe yanayolia, na kinywe cha kwetu Mahenge (uzi mrefu kidogo)

Mpogoro wa Manchester (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni kwa wenye familia huku Uingereza ambao likizo ya shule ikifika na mvua nayo inafika. Ni kwa ndugu wa nyumbani pia, wale wanaopenda habari za makumbusho na madini. Nimetoka Keswick na mke wangu, watoto na mjomba wangu, mwalimu mstaafu kutoka Mahenge, wilaya ya Ulanga, aliyekuja kututembelea. Nina mengi ya kusema kuhusu mji ule.

Keswick ni mji wa gulio huko Cumbria, kaskazini-magharibi, katikati ya milima na maziwa ya Lake District. Mfalme Edward wa Kwanza aliupa kibali cha gulio mwaka 1276, na mpaka leo kila Jumamosi meza zinapangwa kwenye barabara kuu kuzunguka Moot Hall. Hilo ni jengo la mwaka 1813 lenye mnara, na saa yake ina mshale mmoja tu, wa saa. Wa dakika haupo kabisa. Watoto walidhani imeharibika. Mjomba akawaambia watu wa gulio wa enzi zile walitaka kujua asubuhi imefika wapi, hizo dakika za nini.

Wengi wanakwenda Keswick kupanda milima. Siku yetu Skiddaw, mlima wa mita 931 unaosimama juu ya mji, haukuonekana hata kidogo. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu, na mwavuli kwenye upepo ule haufai, chukueni makoti. Kwa wale mnaofikiri masika ya Dar ni mvua: kijiji cha Seathwaite, kama kilomita 13 kutoka Keswick, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na hakuna mahali panapokaliwa na watu England panaponyesha kuliko hapo. Jirani yake, kwenye njia ya milimani ya Honister, tarehe 5 Desemba 2015 zilipimwa milimita 341.4 ndani ya saa 24. Hiyo ni karibu theluthi ya mvua ya Dar ya mwaka mzima, kwa siku moja.

Kwa hiyo tuliachana na milima tukaingia makumbusho. Naandika kwa sababu nimeona jambo ambalo sikuliona kwenye makumbusho makubwa ya London: mji mdogo unaojieleza wenyewe, kwa vitu vyake wenyewe, na watu wake wenyewe wakiwa mlangoni.

Penseli

Tulianzia Makumbusho ya Penseli ya Derwent. Najua kuna atakayeguna, kwamba jumba zima la penseli? Nisikilizeni.

Unaingia kwa kupita kwenye mgodi wa kuigiza, giza kidogo, kuta za mawe, sanamu za wachimbaji. Mjomba alikuwa mbele na watoto. Tulipotokea upande wa pili kuna mabonge ya grafiti yenyewe, lile jiwe linaloandika ndani ya penseli, meusi yenye mng'ao wa kijivu. Mjomba akainama, akavaa miwani, akakaa pale muda mrefu. Kisha akaniita, "Mjomba, njoo. Hiki ni kinywe."

Ndugu wa Ulanga, Ruangwa na Nachingwea mnajua ninachosema. Ni kinywe kilekile ambacho kwetu kimewaleta wawekezaji wa betri za magari ya umeme. Lakini tofauti ipo, na mjomba aliiona kabla sijasoma kibao. Cha kwetu ni vipande vyembamba kama magamba vilivyotawanyika ndani ya mwamba. Lazima uponde mwamba, usage, utenganishe kwa maji. Cha Borrowdale, bonde lililo juu ya Keswick, kilitoka bonge zima, safi, kigumu kiasi cha kukatwa kwa msumeno vijiti vyembamba na kuchomekwa kwenye mti moja kwa moja. Kwa usafi ule na wingi ule hakijapatikana kingine duniani.

Wenyeji walikiita wad. Masimulizi yanasema katika karne ya 16 dhoruba iling'oa mti mkubwa, chini ya mizizi kukaonekana kitu cheusi, na wachungaji wakaanza kukitumia kuwekea kondoo alama. Baadaye ikajulikana kwamba ukipaka kinywe ndani ya kalibu za kusubu risasi za mizinga, risasi inatoka laini na ya mviringo safi. Hapo ndipo habari ilipobadilika. Kitu cha mchungaji kikawa mali ya vita. Mgodi ukawekewa walinzi wenye silaha, wachimbaji wakawa wanapekuliwa wakitoka, na mgodi wenyewe ukawa unafunguliwa kwa vipindi tu. Mzigo ukitosha unafungwa ili bei isishuke. Wizi haukukoma. Mwaka 1752 Bunge lilitunga sheria maalumu: ukiiba wad adhabu yako ni kazi ngumu au kusafirishwa kupelekwa makoloni ng'ambo.

Nilimwona mjomba anatikisa kichwa kwenye kibao hicho. Amefundisha watoto wa wachimbaji wadogo maisha yake yote. Aliniuliza sheria ile iliwatazama vipi watu wa bonde waliozaliwa juu ya kile kinywe. Swali zito, nikalinyamazia kwanza.

Sehemu iliyowashika watoto ni ya ujanja wa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtumishi wa serikali aliyeitwa Charles Fraser-Smith, mtu wa kutengeneza vifaa vya siri, aliagiza kiwanda cha Keswick kitengeneze penseli za marubani. Kwa nje ni penseli ya kawaida kabisa, rangi ya kijani. Ndani imechimbwa, mna ramani ya karatasi nyembamba mno iliyoviringishwa, na chini ya kifutio mna dira ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Mameneja wachache walibaki kiwandani kazi ikishafungwa, usiku, wakazijaza wao wenyewe, na wafanyakazi wa mchana hawakujua lolote. Rubani akitunguliwa ardhi ya adui anavunja penseli yake. Binti yangu alirudi kwenye kabati lile kila tulipomwita twende.

Ipo pia penseli ya rangi iliyomalizwa mwaka 2001, urefu karibu mita 8, uzito zaidi ya kilo 440, ya njano, inaning'inia juu. Mimi nilipita. Rekodi ni rekodi tu.

Mjomba alipata darasa lake pale mbele ya vijiti vya ndani ya penseli, kuanzia vigumu mpaka laini. Aliwaeleza watoto kwamba mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, nchi yake ikiwa vitani na Uingereza na kinywe cha Borrowdale hakifiki tena Paris, alisaga kinywe hafifu, akachanganya na udongo wa mfinyanzi, akachoma tanuruni. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na maandishi hafifu. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Penseli zote za shule za leo ni watoto wa mchanganyiko ule. Wageni wengine wawili watatu wakasogea kusikiliza, ingawa hawajui Kiswahili, wakaomba tuwatafsirie.

Kiwanda chenyewe, kilichoanza mwaka 1832, kilihamia upande wa Workington miaka ya 2000. Makumbusho ndiyo yaliyobaki Keswick.

Naendelea post inayofuata, watoto wanataka kula.

---

Reli ya Kati

Mkuu, uzi mzuri, ila nisaidie. Umesafiri na mzee wa watu kwenye mvua, ukalipa kiingilio akaone penseli? British Museum ni bure, ina dunia nzima ndani. Mimi mgeni wangu ningempeleka London.

Kisesa Kwetu

Mwacheni aendelee. Hayo mawe yanayolia uliyoyataja kwenye kichwa cha uzi ni yapi?

---

Mpogoro wa Manchester

Nakuja kwenye mawe, na Reli ya Kati nakujibu baada ya hapo, swali lako ni la haki.

Kutoka penseli tukatembea mpaka Makumbusho ya Keswick, upande wa bustani ya Fitz Park, mwendo wa robo saa hivi kwa miguu ya mzee na kigari cha mtoto. Jengo ni la mwisho wa karne ya 19, limekarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2014. Makumbusho yenyewe yalianza 1873.

Mle ndani kuna chombo cha muziki ambacho sijaona mfano wake. Fundi mwashi aliyeitwa Joseph Richardson aligundua kwamba baadhi ya mawe ya Skiddaw ukiyagonga yanalia kama kengele. Mwaka 1827 akaanza kuyatafuta mlimani, akiyabeba, akiyachonga taratibu mpaka yakae kwenye sauti aliyoitaka. Ilimchukua miaka 13. Alifukarika kwa kazi ile, maana jiwe ukilichonga kupita kiasi sauti imepotea na unarudi mlimani. Alipomaliza alikuwa na mawe 61, marefu na mafupi, yamelazwa juu ya fremu kama marimba ya mtu mwenye nguvu. Akawafundisha wanawe watatu, wakazunguka nchi na Ulaya wakipiga, na mwaka 1848 walipiga mbele ya Malkia Victoria kwenye kasri la Buckingham. Mwaka 1917 ukoo wake uliyaleta mawe makumbusho.

Sasa jambo lililonigusa: wanakuruhusu kupiga. Si nakala ya plastiki, ni mawe yenyewe ya Richardson. Mama wa mapokezi aliwapa watoto vigongo vya mbao, akawaonyesha pa kugonga. Jiwe refu lina sauti nene inayokaa, fupi linalia juu na kukatika haraka. Mjomba aligonga mara moja, akasikiliza mpaka sauti ikaisha, akagonga la pili. Baada ya muda akaanza kutafuta wimbo. Watu wazima walisimama mlangoni wakingoja zamu bila kumharakisha.

Akanikumbusha kwamba sisi tunayo mawe yanayolia Serengeti, kwenye miamba ya Moru, lile jiwe kubwa lenye vishimo vya kugongwa miaka na miaka. Na Waganda wanayo kwenye kisiwa cha Lolui, Ziwa Victoria. Watu wa mbalimbali waligonga mwamba, wakasikia, wakarudi tena kugonga.

Vitu vingine mle nimevipenda kwa kiasi. Kuna modeli ya milima yote ya Lake District iliyotengenezwa kwa mkono na Joseph Flintoft na kumalizika mwaka 1834. Kwa siku ambayo nje huoni mlima wowote, pale ndipo unajua umesimama wapi. Kuna paka aliyekauka, aliyekutwa kwenye paa la kanisa, kijana wangu wa mwisho hakumpenda. Kuna maandiko ya mshairi Robert Southey, aliyeishi Keswick kuanzia 1803 hadi alipofariki 1843. Na kuna habari za wachimbaji wa Kijerumani walioletwa hapa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwaka 1564 na kuendelea, kwa ajili ya shaba, wakaoa na kukaa.

Sasa Reli ya Kati. London nimempeleka pia. British Museum tulitembea mpaka miguu ikavimba, na mjomba alitoka kimya. Aliniambia ameona vitu vya watu wengi na hakuona mwenye vitu. Keswick aliona mwenye vitu. Jiwe limetoka mlima ule pale dirishani, ukiondoka ukungu. Aliyelichonga jina lake limeandikwa. Hilo nalipenda na nalitetea. Kiingilio kipo, ndiyo, kote kuwili, na mimi nililipa kwa moyo mmoja kwa sababu hela ile ndiyo inayoweka taa na mishahara ya jumba lisilo na mfuko wa serikali kuu nyuma yake.

---

Reli ya Kati

Nimekuelewa mkuu. Lakini usisahau wenzetu wanatunza vyao na vyetu pia. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosau mkubwa, yuko Berlin mpaka leo, na watu wa Lindi wanamwona kwenye picha.

Kisesa Kwetu

Vya kwetu tunavyo, ni watu hawaendi. Njooni Bujora, hapa Kisesa nje ya Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yaliasisiwa na Padri David Clement. Nyumba ya ngoma za watemi imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mwongozaji ni mtu wa hapahapa, anakupigia na ngoma.

Bibi Shamba

Mwanangu hongera kwa kumtunza mjomba. Mimi niko Leicester na wajukuu, naomba mambo ya kawaida: mnafikaje, mnakula nini, na mtu mwenye magoti kama mimi anaweza?

---

Mpogoro wa Manchester

Shikamoo Bibi. Treni haifiki Keswick, reli yao ilifungwa mwaka 1972. Unashuka stesheni ya Penrith, nje hapo unapanda basi, X4 au X5, kama dakika 40 mpaka katikati ya mji. Kutoka kusini kuna basi 555 linalopita Kendal na Windermere. Ni refu lakini ukikaa juu, hata kwenye mvua, utaona maziwa. Mji wenyewe ni tambarare kuanzia kituo cha basi mpaka makumbusho yote mawili, na mote ndani unaweza kuzunguka bila kupanda ngazi za kukuchosha. Uliza saa za kufungua kabla hujatoka nyumbani, hasa majira ya baridi.

Chakula sisi tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi, tukala kwenye kibanda cha kujikinga mvua. Kuna migahawa mingi na samaki na chipsi pia, ila likizo ya shule mvua ikinyesha kila mtu mjini ana wazo lako, foleni inatoka nje. Fika makumbusho asubuhi milango ikifunguliwa, ule mapema.

Kisesa Kwetu, Bujora nimeifahamu, na ndiyo mfano niliotaka mtu autaje. Watu wa mahali wenyewe.

Reli ya Kati, mjusi wa Tendaguru ni kweli, alichimbwa kati ya 1909 na 1913 wakati wa Wajerumani, na dai la kwamba arudishwe mimi naliunga mkono. Lakini kuna vitu havijaondoka bado na hakuna aliyevikusanya. Hapo ndipo mimi na mjomba tulipofika kwenye mazungumzo ya basi la kurudi.

Fikirini Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani pale, mojawapo ya mapambano makubwa ya Maji Maji. Oktoba 1917 mji huohuo ukatekwa na majeshi ya Kibelgiji yenye askari wa Kongo. Kuna misheni ya Kwiro. Kuna spineli nyekundu, kito cha thamani, inayouzwa kwa sonara wa dunia nzima. Na sasa kinywe, kinachokwenda kwenye betri za magari ambayo wengi wa Ulanga hawajayaona. Mtoto wa shule ya msingi Mahenge ataona wapi hadithi hiyo yote mahali pamoja? Songea wana Makumbusho ya Maji Maji, na ni mazuri. Mahenge bado.

Na Keswick si mji tajiri wala si mji wenye bahati. Desemba 2015, mvua ile niliyoitaja, mto Greta ulipanda juu ya ukuta wa kuzuia mafuriko, ukuta wenye vioo uliojengwa baada ya mafuriko ya 2009, na makumbusho ya penseli yakaingiwa na maji. Yalikaa yamefungwa mpaka 2017. Walisafisha, wakapanga upya, wakafungua. Mjomba alisoma habari hiyo mara mbili.

---

Reli ya Kati

Sasa umenishika. Mjomba anasemaje, anaanza?

---

Mpogoro wa Manchester

Ameshaanza kuorodhesha, tena kwa penseli aliyonunua palepale dukani. Anataka chumba kimoja tu kwa kuanzia, hata cha shule. Kwenye orodha yake kuna: jiwe la kinywe kutoka kila kijiji kinachochimbwa, likiwa na jina la kijiji na la aliyelileta, vifaa vya wachimbaji wadogo wa spineli, sururu, chekeche, taa ya kichwani, nakala za picha za zamani za Kwiro, kama wenyewe wataruhusu zinakiliwe, na sauti za wazee wakisimulia walichosikia kwa babu zao kuhusu 1905, zirekodiwe kwa Kipogoro kabla ya kutafsiriwa. Hili la mwisho ndilo analolitilia haraka, kwa sababu waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa walioona wamekwisha, na waliosikia kwa waliosikia ni wazee kama yeye.

Hataki nakala nyuma ya kioo. Anataka mtoto ashike kinywe, achore nacho kwenye karatasi, mkono uchafuke.

Swali lake la kwenye jumba la penseli, la sheria ile ya 1752, anataka nalo liandikwe ukutani Mahenge, likiwa swali.

Anarudi nyumbani karibuni. Mwenye kujua utaratibu wa kusajili makumbusho ya jamii, au aliye karibu na ofisi ya utamaduni ya wilaya ya Ulanga, aandike hapa au anitumie ujumbe wa faragha. Wenye picha za zamani za Mahenge, boma, soko au barabara ya Ifakara, msizitume bado. Andikeni kwanza nyuma ya picha ni nani, wapi na mwaka gani, mzee akiwa bado yupo wa kuulizwa. Kisesa Kwetu, wewe nakuhitaji zaidi ya wote: Bujora wanaandikishaje vitu wanavyopewa na familia, ni mali ya makumbusho moja kwa moja au familia inaweza kuvidai baadaye?